Barua ya wazi kwa magavana: tupeni ukumbi mdogo, na muda

Kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti zote 47, mawaziri wenu wa utamaduni, na wawakilishi wadi mnaopitisha bajeti.

Waheshimiwa,

Nawaandikia juu ya jambo ambalo halijawahi kumwangusha gavana wala kumpa kura: michezo ya kuigiza mipya, na vijana wanaoiandika. Siombi jumba la kifahari. Siombi tamasha jingine. Naomba kila kaunti itenge ukumbi mmoja mdogo, wa viti 80 hivi, ufunguliwe jioni, ukabidhiwe watu wanaojua kulea mswada wa mchezo, kisha uachwe ufanye kazi hiyo miaka mitatu kabla mtu hajaanza kuuliza umati uko wapi.

Kisheria mzigo huu ni wenu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na vifaa vyake. Orodha yenyewe ina kichekesho chake: inaanza na kamari, inapita leseni za pombe, sinema, maktaba na makumbusho, na karibu na mwisho ndipo unapokutana na michezo na utamaduni. Naona mmeitekeleza kwa mpangilio uleule. Baa hufuatiliwa mlango kwa mlango. Utamaduni hukumbukwa siku moja kwa mwaka: mahema, vipaza sauti, ngoma, fulana zenye picha ya mheshimiwa, na msafara wa magari unaoondoka kabla kikundi cha mwisho hakijapanda jukwaani. Ngoma hizo nazipenda, na wanaozicheza wanastahili kulipwa vizuri zaidi. Lakini ngoma ambayo mtu kairithi kwa babu yake inakuja ikiwa imekamilika. Mchezo mpya haujakamilika hata siku mwandishi anapodhani amemaliza.

Wengi wenu, bila shaka, mchezo mmeuona ukiwa tayari, taa zinawaka na waigizaji wanainama kupokea makofi. Nataka muuone ungali karatasi.

Kikundi chetu hapa Mombasa hukutana ghorofani, juu ya duka la vifaa vya shule, katika chumba tunachokodi kwa saa. Binti mmoja wa Kisauni alituletea mswada juu ya mwanamke aliyerudi nyumbani kutoka Saudia alikokuwa akifanya kazi za ndani. Katika onyesho la pili alikuwa amempa mhusika huyo maneno ya ukurasa mzima na nusu: mateso, pasipoti kushikiliwa, kulala jikoni. Yote kweli, na yote kwa Kiswahili safi. Mwigizaji alipoanza kuyasoma, hata katikati hajafika, watu walikuwa wameshaanza kutazama simu. Mwandishi aliwaona. Hakuna mwalimu wa uandishi ambaye angeweza kumwambia jambo lile kwa ukali ule.

Ikaja zamu ya wasikilizaji. Mama mmoja muuza mahamri, aliyekuwa ameingia tu kumsubiri mwanawe, akasema: "Mtu akirudi kutoka kule haanzi na hayo. Huuliza kwanza nani kafa, nani kaoa, na ile nyumba imeshaezekwa au bado." Yule binti hakujibu neno, akaandika. Tulipokutana tena, ukurasa ule wote ulikuwa umefutwa. Mahali pake palikuwa na swali moja, "Nyumba imefika wapi?", na chini yake maelezo ya jukwaani: kaka yake anakoroga chai. Tukasoma. Kijana aliyeshika nafasi ya kaka akakoroga, akaendelea kukoroga, mpaka mtu wa nyuma akanong'ona, "Na sukari hajatia." Chumba kizima kikajua kwamba pesa zilizotumwa zimeliwa, na hakuna aliyekuwa ametaja pesa.

Kilichohitajika pale ni viti, taa ya kawaida, waigizaji wachache, mtu wa kuendesha mazungumzo, na hadhira ndogo iliyokaa karibu kiasi cha mwandishi kusikia nani anakohoa kwa mafua na nani kwa kuchoka. Ukumbi wa watu elfu hauwezi kumpa mwandishi habari hiyo. Kwenye umati mkubwa mtu hupiga makofi kwa sababu jirani yake kapiga.

Mazungumzo hayo yana adabu yake. Msikilizaji haruhusiwi kumwambia mwandishi "mimi ningeandika hivi". Anaulizwa amesikia nini, amepotea wapi, wapi alitamani aendelee kusikia. Mwandishi naye hajitetei. Anayesimamia haya sisi tunamwita mlezi wa miswada, na ndiye mtu ambaye ukumbi mdogo hauwezi kuishi bila yeye. Anaisoma rasimu ya kwanza hadi ya saba. Anakumbuka kwamba katika rasimu ya tatu kulikuwa na shangazi aliyeondolewa, na kwamba pengine yule shangazi ndiye aliyekuwa na mchezo. Anajua lini mwandishi abanwe na lini aachwe alale. Kazi hii sijaiona katika tangazo lolote la bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Maafisa wa utamaduni mnao, na baadhi yao ni watu wa maana sana, lakini afisa anayeigawa siku yake kati ya waganga wa mitishamba, vikundi vya ngoma na mapokezi ya wageni hawezi kukaa na rasimu ya saba ya mtu yeyote.

Fundi wa jahazi hakipeleki chombo kipya bahari kuu siku ya kwanza. Hukishusha maji ya ufukoni, akatazama kinavuja wapi, akatia kalafati. Sisi wenye michezo hatuna ufuko. Kikundi kikiwa na mchezo mpya hukodi ukumbi Jumamosi na Jumapili, kikalipia matangazo, kikawauzia tiketi ndugu na marafiki, na ikifika Jumatatu mchezo umekwisha. Yeyote aliyewahi kuigiza anajua kwamba mchezo huanza kupumua wenyewe usiku wa tatu au wa nne. Sisi tunauzika usiku wa pili.

Mtanijibu kwamba Kenya haina uhaba wa michezo mipya, na ni kweli. Tamasha la drama la shule na vyuo limekuwapo tangu 1959, na kila mwaka, kuanzia ngazi za chini hadi taifa, linazaa michezo ambayo hakuna mtu mmoja awezaye kuiona yote. Waigizaji na waelekezi wengi mnaowajua walianzia huko, nami nikiwemo. Lakini michezo ile imeandikiwa mashindano. Mwandishi huajiriwa na shule, akapewa muda mfupi, akaandika kile anachodhani waamuzi watakipa alama. Washindi huitwa kumchezea Rais. Aprili ikipita, mswada unaingia kabatini kwa mwalimu na haumwoni mtu tena. Hakuna anayempigia mwandishi simu mwezi wa Mei kumwambia: lile onyesho la tatu lina kitu, hebu njoo tulifanyie kazi.

Njia nyingine ni vitabu teule. Tamthilia ikiteuliwa isomwe shule za upili, mwandishi na mchapishaji wake wameokoka. Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege zimesomwa nchi nzima, na vikundi vingi vya uigizaji hupata riziki kwa kuzungusha vitabu teule mashuleni. Riziki hiyo nami nimeila, siitukani. Ninachokiona ni kwamba vijana sasa wanaandika jicho moja likiwa kwenye mtihani. Mhusika anaingia jukwaani tayari amebeba dhamira, sifa mbili na methali. Jambo ambalo mwalimu ataona haya kulieleza mbele ya darasa haliandikwi. Na lugha inayosemwa hasa Likoni au Dandora, Kiswahili na Sheng na lugha ya nyumbani zikipishana ndani ya sentensi moja, haikanyagi ukurasani, kwa kuwa mwandishi anajua mhariri ataikata. Kijana hajapata bado mahali pa kuandika vibaya kwanza, mbele ya watu wanaomtakia mema.

Wala si kwamba sisi Wakenya hatujui kazi hii inavyofanywa. Kamĩrĩthũ, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliipeleka rasimu ya mchezo wao wa Kikikuyu, Ngaahika Ndeenda, kwa wenyeji. Ikasomwa, ikajadiliwa. Wazee wakasahihisha lugha na nyimbo, wafanyakazi wakaeleza maisha ya mashambani na viwandani yalivyo hasa. Mazoezi yenyewe yalikuwa wazi. Mwisho wa wiki anayepita alisimama, akatazama, akatia neno lake. Mchezo ulipofunguliwa rasmi tarehe 2 Oktoba 1977, watazamaji walikuwa wanautazama mchezo ambao wao wenyewe wamekwisha kuukosoa. Yaliyofuata mnayajua: tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa, siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini, na mwaka 1982 jukwaa lile lililojengwa kwa mikono ya wanakijiji likabomolewa. Mwaka 2022 mchezo huohuo ulichezwa katika Ukumbi wa Taifa, Nairobi, na watu wakalipa kiingilio. Siasa yake mwaijua kuliko mimi. Mimi nawaonyesha mbinu: rasimu kusomwa mbele ya wenyewe kabla wino haujakauka, kwa miezi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na kitu hicho kwa sura nyingine miaka ya 1960: idara changa ya sanaa za maonyesho, yenye walimu na wanafunzi walioweza kukipandisha jukwaani kilichoandikwa jana. Ebrahim Hussein na Penina Muhando walikomaa katika mazingira hayo, na Kinjeketile, mchezo wa Hussein uliochezwa 1969, bado unasomwa pande zote mbili za mpaka. Vipaji walikuwa navyo. Walikuwa pia na chumba, na watu wa kuwasomea.

Mkitaka mfano wa karibu zaidi, mwaka 2010 Taasisi ya Sundance ya Marekani iliwakusanya waandishi wa michezo wa Afrika Mashariki kisiwani Manda, Lamu, wakakaa na waigizaji na walezi wa miswada wakifanya kazi bila kudaiwa onyesho mwisho wa safari. Mpango huo wa Sundance ukashirikiana na Waganda hata likazaliwa Tamasha la Kimataifa la Michezo ya Kuigiza la Kampala mwaka 2014, na mwandishi Deborah Asiimwe alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Yaani hiki ninachowaomba kilishafanyika juu ya mchanga wa mmoja wenu, ila kwa pesa za Wamarekani.

Kwa nini iwe kaunti, na si sisi wenyewe? Kwa sababu ya kodi. Kikundi cha Phoenix Players walishikilia ukumbi wao mdogo pale Professional Centre, Nairobi, hatua chache kutoka Bunge, tangu miaka ya 1980 hadi 2017 malimbikizo ya kodi yalipowafungia mlango. Michezo ya Uingereza waliicheza kupita kiasi, na wengi tuliwasema kwa hilo. Hata hivyo waigizaji wengi walifunzwa kazi pale, na pengo lile mpaka leo linaonekana. Kiingilio cha watu 80 hakiwezi kulipa kodi ya katikati ya jiji, uwe Nairobi au London. Hesabu haikubali, na haitakubali hata mkituletea mafunzo ya ujasiriamali.

Kumbi zenyewe mnazo. Ziko za jamii zilizojengwa tangu enzi za mabaraza ya miji: Kaloleni kule Nairobi, Tononoka hapa kwetu, na nyingine katika miji midogo ambayo mkiipita mtaziona, paa la bati, madirisha ya juu, ubao wa matangazo usio na tangazo. Hukodishwa kwa harusi, mikutano na ibada. Endeleeni kuzikodisha Ijumaa hadi Jumapili, pesa hizo mnazihitaji. Tupeni Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, wakati ambapo mara nyingi mlangoni pananing'inia kufuli. Pasipo na ukumbi, bwalo la chuo cha ufundi linatosha. Na mkija Nairobi kwa mikutano yenu, piteni Kituo cha Utamaduni cha Kenya, pembeni mwa Ukumbi wa Taifa, mkautazame Ukumbi Mdogo. Jina lake linajieleza. Uoneni kabla mhandisi hajawachorea jumba la watu 3,000.

Sasa neno gumu. Pesa zikitoka kwenu, mtatamani kuusoma mswada kabla haujachezwa. Msiusome. Mwaka 2013 Shule ya Wasichana ya Butere ilizuiwa kucheza mchezo wa Shackles of Doom katika tamasha la taifa la drama la shule mpaka Mahakama Kuu ilipotoa amri. Aprili 2025 shule hiyohiyo ilifika tamasha hilo, safari hii Nakuru, na Echoes of War. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kucheza, na huko nje polisi wakarusha vitoa machozi. Michezo yote miwili imetoka kwa mwandishi mmoja, Cleophas Malala, ambaye ni mwanasiasa pia, na kila mtu ana haki ya kuipenda au kuichukia siasa yake. Wanafunzi wale hawakustahili gesi. Kifungu cha 33 cha Katiba kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanii kwa jina. Basi mkataba wa ukumbi useme waziwazi: kaunti italipia paa, umeme na mshahara, na mswada itauona siku ya kiingilio pamoja na raia wengine. Mchezo ukimgusa gavana, anunue tiketi aketi mbele.

Vifaa si vingi. Viti vinavyohamishika, visipigiliwe sakafuni. Taa 12 na mtu anayejua kuziendesha. Pazia jeusi. Mlezi wa miswada mmoja, mwajiriwa, mwenye mshahara wa kila mwezi. Waandishi wanne kila mwaka wapewe posho ya miezi sita, kiasi cha kumwezesha mtu kuacha bodaboda au mjengo jioni mbili kwa wiki. Waigizaji wa usomaji wapate nauli na chakula, tena siku ileile. Malipo yanayokuja baada ya mwaka mzima wa kuzungushwa ofisini yamevunja vikundi vingi kuliko udhibiti ulivyovunja. Na mchezo ukikomaa upewe usiku nane. Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina kaunti sita: mchezo ukimaliza Kilifi uende Kwale, upande Voi, uvuke Lamu, na kila unapofika mwandishi asikie mambo mapya na kurekebisha. Chukueni hesabu ya mahema na vipaza sauti vya ile siku moja ya utamaduni, mlinganishe wenyewe.

Sitawadanganya kuhusu matokeo. Katika waandishi wanne huenda mmoja tu ndiye atakayetoa mchezo wa kukumbukwa, na huenda asiutoe mwaka wa kwanza. Wale watatu hawapotei. Watakuwa waelekezi, watunzi wa redio na runinga, walimu wa drama wanaojua kwa nini mswada wa mwanafunzi wao haupandi. Mmoja atakuwa mlezi wa miswada wa kaunti jirani. Lakini mkidai umati mwezi wa tatu, tutawaletea vichekesho mlivyokwisha kuviona, vitajaza ukumbi, na mtapigwa picha nzuri.

Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kila kaunti unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Kabla yake mnaitisha vikao vya maoni ya wananchi, na nimesikia maafisa wakilalamika kwamba watu huja kuomba barabara na nauli ya kurudia nyumbani. Safari hii tutakuja na sisi. Hapa Mombasa tutaleta ukurasa mmoja wenye jina la ukumbi, siku, saa na majukumu ya mlezi wa miswada, na tutaomba usomwe na uingizwe katika kumbukumbu za kikao. Wenzangu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, nawasihi mfanye vivyo hivyo katika kaunti zenu. Na mheshimiwa au afisa anayetaka kuona usomaji kabla ya kuamua, aje ghorofani kwetu. Kiingilio ni bure. Ngazi haina taa, kwa hivyo aje na simu yenye tochi.

Wenu,
Mwandishi na mwelekezi wa michezo ya kuigiza,
Mombasa